Pacha wa Kidijitali Huanzia kwenye Mita

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie usanifu wa pacha wa kidijitali kwa mifumo ya nishati viwandani, nami nitajikita katika jambo ambalo mara nyingi huachwa hadi mwisho, yaani ukweli wa vipimo.

Mwaka 2002 Michael Grieves, katika Chuo Kikuu cha Michigan, alieleza wazo ambalo baadaye liliitwa pacha wa kidijitali, lenye sehemu tatu: kitu halisi, nakala yake ndani ya kompyuta, na data zinazopita kati ya hivyo viwili. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo inayomtenga pacha na mchoro. Mchoro hutueleza boila, yaani mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke, ilivyosanifiwa. Pacha anatakiwa kutueleza boila ilivyo leo, pamoja na ukoko ulioganda kwenye mabomba yake.

Hapa naomba tusiharakishe. Mita nyingi za mvuke hufanya kazi kwa bamba lenye tundu: mvuke unapopenya, shinikizo hushuka, na kushuka huko hugeuzwa kuwa tani kwa saa. Hesabu hiyo hutegemea kipeuo cha pili cha densiti ya mvuke, yaani uzito wake kwa kila mita ya ujazo. Tuseme mita imerekebishwa kwa mvuke wenye shinikizo la baa 10, ambao densiti yake ni kama kilo 5.1 kwa mita ya ujazo, kisha kiwanda kikaamua kuendesha boila kwa baa 8, ambapo densiti hushuka hadi kama kilo 4.2. Mita isiyosahihisha densiti itaendelea kuandika tani 10 ilhali zilizopita ni tani 9 tu. Ufanisi wa boila utaonekana umepanda, kana kwamba mafuta yaleyale yanatoa mvuke zaidi, na modeli ya kompyuta itakayofundishwa kwa data hizo itajifunza kosa hilo kwa uaminifu wote.

Kwa sababu hiyo, mimi huanza usanifu kwa mizania ya maji na nishati kabla ya kugusa picha za pande tatu au ujifunzaji wa mashine. Kimo cha maji ndani ya boila kikiwa hakibadiliki, maji yanayoingia lazima yatoke, ama kama mvuke, ama kama maji yanayomwagwa ili kupunguza chumvi. Mita ya maji ikisema tani 9.4 na ya mvuke ikisema 10, mojawapo inakosea, na pacha aliyesanifiwa vizuri hulinganisha vipimo vyote kwa pamoja, akikisahihisha zaidi kile chenye shaka kubwa. Kazi hii haivutii macho, lakini kila kitu kingine kimesimama juu yake.

Kuhusu kasi ya kukusanya data, uamuzi unaokusudiwa ndio uongoze: kupanga boila ipi iwashwe kesho hakuhitaji data za kila sekunde.

Suala la pacha kurudisha amri kwenye mitambo ni zito zaidi. Naamini kwa dhati kwamba amri hizo ziwekewe mipaka ambayo pacha mwenyewe hawezi kuibadilisha, na kwamba mifumo ya usalama wa boila ibaki imetengwa naye kabisa. Aidha, kihisi kikikatika, skrini ya mwendeshaji ionyeshe waziwazi kwamba thamani anayoiona ni makadirio, na kipimo halisi cha mwisho kilipokelewa saa ngapi.