Huyu wa Pili Alilishwa Nini?

Wenzangu, hili nimelisema katika kumbi nyingi na nitalisema tena, kwa sababu bado naletewa makaratasi ya wauzaji yanayodai kwamba mafuta ya samaki humwokoa mgonjwa wa sepsisi, yaani mwili unapopambana na maambukizi hadi kujiumiza wenyewe. Mkiletewa karatasi kama hiyo, msianze na mgonjwa aliyepewa mafuta ya samaki. Anzeni na mwenzake wa kundi la kulinganisha. Yeye alilishwa nini?

Chukueni utafiti wa Brazili wa mwaka 2006. Wagonjwa wana sepsisi kali, wako kwenye mashine ya kupumulia, wanalishwa kwa mpira unaopeleka chakula tumboni. Waliopewa lishe yenye mafuta ya samaki, walifariki asilimia 33. Wenzao, asilimia 52. Nani asingeshangilia? Lakini itazameni lishe ya hao wenzao. Zaidi ya nusu ya nguvu yake ilitoka kwenye mafuta, tena mafuta yaliyojaa omega-6, ambayo mwili huyageuza kuwa kemikali za kuchochea moto ule ule tunaohangaika kuuzima. Sisi hatumlishi mgonjwa mahututi hivyo! Sasa niambieni: mafuta ya samaki yaliponya, au yale mengine yaliumiza? Utafiti ule hauwezi kujibu.

Marekani wakatenganisha mambo. Katika utafiti wa OMEGA, uliochapishwa 2011, mchanganyiko wenye mafuta ya samaki ulitolewa mara mbili kwa siku, kando ya chakula chenyewe, kwa watu ambao mapafu yao yalikuwa yameharibika ghafla, wengi kwa nimonia au sepsisi. Walipanga wagonjwa 1,000. Wakasimamisha wakiwa na 272. Ndani ya siku 60 walikufa asilimia 26.6 ya waliopewa mchanganyiko huo, na 16.3 ya wenzao. Najua kuna atakayeniambia tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kitakwimu, yaani huenda ni bahati tu, na kwamba kinywaji cha kulinganisha kilikuwa na protini zaidi. Kweli, yote mawili. Ndiyo maana sisemi mafuta ya samaki yanaua. Nasema ahadi ya kuokoa haikutimia, na anayeiuza leo kana kwamba utafiti huo haukufanyika anawakosea wagonjwa wetu.

"Mbona samaki ni mzuri kwa moyo?" Kuleni samaki, jamani! Lakini anayekula dagaa mezani kwake si sawa na mtu ambaye presha yake inashikiliwa na dawa za mshipani. Ndugu akileta chupa ya mafuta ya samaki wodini, mwelezeni kwa upole, wala msiyamimine kwenye mpira. Mwongozo wa 2019 wa ESPEN, jumuiya ya Ulaya ya lishe ya wagonjwa, umekataza kumpa mgonjwa mahututi omega-3, ndiyo hayo mafuta ya samaki, nyingi kwa mkupuo.

Mafuta ya kuingizwa mshipani ni habari nyingine, nayaacha, muda umeniishia. Presha ikishatulia, anzeni kumlisha mgonjwa kwa mpira ndani ya saa 48, kidogo kidogo, mkipanda hadi protini gramu 1.3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni gramu 78. Iandikeni hesabu hiyo kwenye faili lake, na kila zamu iandike alichopata kweli.