Percy Julian na Fuwele Zilizokataa Kulingana

Wanafunzi wetu wa hapa Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, na ninyi wageni wetu, karibuni.

Mwanakemia Percy Julian alizaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1899. Alisoma vyuo vikuu vya DePauw na Harvard, kisha akapata uzamivu Vienna mwaka 1931. Kwao Marekani, ngozi yake nyeusi ilimfungia milango mingi. Ila leo tukae zaidi na mwaka 1935.

Fisostigmini ni dawa itokayo kwenye mbegu ya Calabar, ile iliyokuwa sumu ya kiapo Afrika Magharibi (mshtakiwa alinyweshwa ili ijulikane kama ana hatia), nayo ilitumika kutibu glakoma, ugonjwa wa macho. Julian na mwenzake Josef Pikl waliiunda maabarani DePauw. Mwanakemia Robert Robinson wa Oxford alikuwa ameshatangaza kuwa amefikia eseretholi, kemikali ya hatua ya karibu na mwisho katika kuunda fisostigmini. Eseretholi ya Julian haikulingana na ya Robinson. Julian akaandika waziwazi kwamba aliyekosea ni Robinson. Ujasiri huo ulitoka wapi? Kwenye kiwango cha kuyeyuka, yaani joto ambalo fuwele huyeyuka.

Hupimwa hivi: saga fuwele zilizokauka kabisa, shindilia milimita 2 au 3 ndani ya neli kapilari, neli nyembamba sana ya kioo. Pasha upesi hadi nyuzi 15 chini ya kiwango unachotarajia, kisha nyuzi 1 au 2 kwa dakika. Kiyeyushi kikibaki, fuwele huyeyuka mapema, tena kidogo kidogo. Halafu changanya nusu ya fuwele zako na nusu ya zile za asili: kiwango kikishuka, hivyo ni vitu viwili tofauti. Hapa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo viwango vya kuchemka vya vitabuni lazima virekebishwe. Kuyeyuka hakujali mwinuko.

Lakini angalieni hapa, maana wengi hukwama. Maabara hutoa maumbo mawili ya molekuli ileile, la kushoto na la kulia, kama mkono na taswira yake kwenye kioo. Mbegu hutoa moja. Usipoyatenganisha, fuwele zako zaweza kukataa kulingana na za mbegu hata kama kazi yako ni sahihi. Julian aliyatenganisha kwanza, na zake zikayeyuka sawasawa na za mbegu.

Hata hivyo, uprofesa alinyimwa. Mwaka 1936 akaenda kampuni ya Glidden, Chicago. Mwaka 1940 maji yalivuja ndani ya tangi la mafuta ya soya, pakatokea kitu cheupe. Wengine wangeona mafuta yaliyoharibika. Yeye alitambua stigmasteroli, steroli ya mimea, kwa kuwa fuwele zake alishaziona kwenye mafuta ya mbegu ya Calabar, na kutokana nayo akatengeneza projesteroni, homoni ya kike, kwa wingi.