Farasi akuamini kwanza, kupanda baadaye: hatua kwa hatua

Karibuni. Sehemu kubwa ya video hii tutakuwa chini, miguu ardhini, hatujapanda kitu. Huyu hapa anaitwa Shaba, farasi jike wa hudhurungi, mwepesi wa kushtuka. Nimemchagua makusudi, kwa sababu kwa farasi mpole usingeona ninachotaka kukuonyesha.

Vaa kofia ngumu na viatu vilivyofunika mguu mzima. Kamba ya kumwongozea usiizungushe mkononi hata mara moja. Ikunje, mikunjo ilale juu ya kiganja, ili akivuta ghafla iteleze itoke na vidole vyako vibaki salama.

Hatua ya kwanza: mwendee akuone. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote. Asipoona ni nyuma yake kabisa, na hapa mbele karibu na paji la uso na chini ya pua. Sasa fikiria watu wengi wanavyofanya: wanamjia kwa mbele, wanampelekea mkono usoni. Mkono unapotea machoni mwake, halafu ghafla unamgusa! Mjie kwa mshazari, ukielekea begani, huku unaongea naye. Ongea chochote, hata kama ni kumsimulia ulivyolala jana.

Hapa niko hatua chache tu kutoka kwake. Tazama masikio. La kushoto limenigeukia, la kulia bado linasikiliza kule langoni. Naongeza hatua moja… umeona? Kichwa kimepanda, tundu za pua zimetanuka, shingo imekakamaa. Nasimama papo hapo. Siendi mbele, sirudi nyuma, macho nimeyashusha begani mwake. Nasubiri. Nasubiri tena. Sasa kichwa kinashuka, amepumua kwa nguvu, na mimi nageuka naondoka hatua mbili.

Rudisha video nyuma utazame tena niliondoka wakati gani. Niliondoka alipokishusha kichwa, si alipokiinua. Ukishika hilo, hatua zote zinazofuata zitakuwa rahisi. Farasi ni mnyama anayewindwa, na kinga yake ni miguu. Kwake yeye, kule kumsogelea tu ni kumbana, na anachokariri ni kile alichokuwa akifanya pale ulipoacha kumbana. Ningerudi nyuma alipoinua kichwa, ningekuwa nimemfundisha kwamba watu hufukuzwa kwa kuinua kichwa. Kesho angekiinua mapema zaidi.

Jambo moja kuhusu uso wako. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwaonyesha farasi picha za nyuso za watu. Walipoonyeshwa uso wenye hasira, walielekea zaidi kuutazama kwa jicho la kushoto, na mapigo ya moyo yao yakapanda upesi kuliko walipoona uso wenye furaha. Basi ukiamka umenuna, fanya usafi wa banda, mazoezi yasubiri.

Hatua ya pili: mguso. Anza hapa palipoinuka juu ya mabega, singa za shingo zinapoishia. Farasi wanaopatana hukunana hapa kwa meno, na imepimwa kwamba mapigo ya moyo hupungua farasi anapokunwa sehemu hii. Mkune kwa ncha za vidole, kwa nguvu kiasi. Usimpige makofi shingoni. Najua kila anayeshinda mashindano hufanya hivyo mbele ya kamera, ila mimi sijaona farasi anayeyafurahia. Sasa tazama mdomo wa juu: unarefuka, unachezacheza. Amependa. Acha kumkuna, shusha mkono, uone atafanya nini. Akiusogeza mwili wake kuufuata mkono, ni yeye anayekuomba uendelee. Akihama, kubali.

Ukitaka kuhakikisha ametulia kweli, tafuta mshipa chini ya taya, uuguse kwa vidole viwili, uhesabu mapigo kwa sekunde 15 kisha uzidishe kwa 4. Farasi mzima aliyepumzika huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika.

Mtaniuliza kuhusu karoti. Mpe, lakini isitoke mfukoni, na mpe akiwa amesimama kimya, pua yake haijakugusa. Farasi aliyezoea kupekua mifuko huishia kuuma.

Hatua ya tatu: kuongoza. Huyu ana uzito wa kilo mia kadhaa, kwa hiyo mashindano ya kuvutana umeshashindwa kabla hujaanza. Naikaza kamba kidogo tu, kwa vidole viwili, halafu sizidishi wala sipunguzi. Bado amesimama. Bado. Hapo uzito umehamia mguu wa mbele, hata hatua hajapiga, na kamba nimeshailegeza. Wengi hungoja mpaka atembee ndipo walegeze. Wewe mlegezee kwa ile nia tu, na hatua itakuja yenyewe. Vivyo hivyo ukimtaka arudi nyuma au asogee pembeni.

Hatua ya nne: vitu vya kutisha. Leo ni mfuko wa plastiki. Usimpelekee mfuko, nenda nao mbele, yeye akufuate kwa nyuma. Kitu kinachomkimbia hakimtishi sana, na baada ya muda atataka kukinusa mwenyewe. Akishakinusa, kiondoe. Kisha rudia kila kitu upande wa pili, kwa maana farasi aliyezoea mfuko upande wa kushoto anaweza kuuruka upande wa kulia kana kwamba hajawahi kuuona.

Hatua ya tano: tandiko. Kabla hujaliweka, pitisha kiganja mgongoni, pande zote mbili za uti, ukibonyeza taratibu. Akizamisha mgongo, akilaza masikio nyuma au akipiga mkia, anaumwa. Usipande. Muite daktari wa mifugo amkague mgongo, meno na miguu, na atafutwe mtu anayejua matandiko aone kama hilo linamkaa. Farasi niliowahi kuletewa wakiitwa wakaidi, wengi wao walikuwa na maumivu mahali fulani, na maumivu hayaondoki kwa mazoezi. Mkanda wa tumboni ukaze kidogo, mtembeze, ukaze tena. Ukiukaza wote kwa mkupuo, ndipo anapojifunza kukuuma.

Hatua ya sita, na sasa ndiyo tunapanda. Tumia kigoda cha kupandia, usijivute kwa tandiko, linapinda na kumbana mgongo. Akisogea ukiwa juu ya kigoda, mrudishe bila haraka, uanze upya. Mguu upite juu bila kumgonga kiunoni, kisha keti polepole. Usimwondoe mara moja. Mkune palepale pa mabegani, apumue, ndipo mwendelee.

Ukitaka aende, mbane kidogo kwa miguu, na akianza tu kwenda, legeza. Ukitaka asimame, keti wima, funga vidole kwenye hatamu, na akipunguza mwendo, fungua vidole. Hatamu zile mwisho wake ni chuma kilichomo kinywani mwake, na mkono unaoning'inia hapo muda wote haumwambii kitu. Utamfanya kinywa kiwe kigumu, yaani kisiusikie tena mkono wako, halafu utanunua chuma kikali zaidi. Nimeyaona hayo mara nyingi mno.

Siku ya kwanza, mizunguko michache inatosha. Akifanya vizuri jambo moja ulilomwomba, shuka, hata kama ulipanga kumpanda saa nzima. Ukigusa tu ardhi, legeza mkanda wa tumboni, umwongoze kurudi bandani kwa miguu.

Kesho yake chukua kamba uende kumfuata malishoni. Akikujia au akabaki amesimama, endelea ulipoishia. Akikuona na kamba akageuka kuondoka, usimkimbize wala usimtege kwa ndoo ya chakula. Rudi hatua ya kwanza, mkune kidogo akikuruhusu, na siku hiyo usimpande.