Merikebu ya Pili: uongozi na vita katika Athene ya kale

Nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie uongozi na vita katika miji-dola ya Ugiriki ya kale. Ningeweza kuanza na vita vya Marathon, au na Pericles, kiongozi maarufu wa Athene, kama tulivyozoea walimu wengi wa historia. Leo nataka tuzifuate merikebu mbili. Zote zilitoka Piraeus, bandari ya Athene, zote zikaelekea Mytilene. Moja iliitangulia nyingine kwa mchana mmoja na usiku mmoja. Ya kwanza ilibeba amri ya kuua mji, na ya pili amri ya kuuacha hai.

Ilikuwa mwaka 427 kabla ya Kristo. Athene na Sparta walikuwa vitani tangu 431. Tauni iliyoingia Athene mwaka 430 ilikuwa imeua watu kwa maelfu, na Pericles mwenyewe alikwisha kufa, 429. Katikati ya msiba huo, mji wa Mytilene katika kisiwa cha Lesbos ukaasi. Waathene waliumia sana, kwa sababu Mytilene haukulipa kodi kama washirika wengine wa Athene. Ulikuwa umeachiwa merikebu zake na serikali yake. Waliona wamegeukwa na rafiki waliyemheshimu.

Wakampeleka jemadari Paches na askari elfu moja wa silaha nzito, ambao walivuta makasia wenyewe mpaka huko, wakauzingira mji. Mzingo ule ulikuwa ghali. Ndipo raia wa Athene walipotozwa kodi ya vita ya talanta 200, talanta ikiwa kipimo kikubwa cha fedha. Wasparta nao waliahidi Mytilene msaada wa merikebu, lakini zilijivuta njiani hadi mjini chakula kikaisha.

Hapa kuna jambo naomba mlishike, maana tutalirudia. Mytilene ilitawaliwa na matajiri wachache. Mji ulipobanwa, makabwela wake waligawiwa silaha nzito ili watoke wapigane. Makabwela walipokwisha kuzishika, wakasema: toeni nafaka mliyoificha tugawane wote, la sivyo tutapatana na Waathene sisi wenyewe. Watawala wakaingiwa na hofu, wakasalimu amri.

Huko Athene, suala likapelekwa mbele ya mkutano wa raia. Msifikirie bunge la wawakilishi. Raia mwanamume yeyote aliyefika utu uzima alipanda kilima cha Pnyx, akasikiliza, akasema kama ana la kusema, akainua mkono. Majemadari kumi walichaguliwa kila mwaka na waliweza kutozwa faini au kuondolewa. Hata Pericles alionja hayo. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na sauti, na hili tusilifunike hata tunapowasifu Waathene.

Siku hiyo walikuwa na hasira. Wakaazimia kuwaua wanaume wote wa Mytilene, walioasi na wasioasi, na kuwauza wanawake na watoto utumwani. Merikebu ikaondoka na amri kwa Paches.

Usiku ukapita. Kulipokucha, watu wakaanza kusumbuka mioyoni. Thucydides, Mwathene aliyekuja kuwa jemadari katika vita hivyohivyo na ndiye aliyetuhifadhia habari hii, anasema waliona ni ukatili mkubwa kuangamiza mji mzima badala ya wenye hatia peke yao. Mkutano ukaitishwa tena.

Akasimama Cleon, aliyekuwa na nguvu kuliko wasemaji wote wakati ule, mtu wa maneno makali. Aliwaambia kwamba demokrasia haiwezi kutawala wengine. Mnaogopa nini, alisema kwa maana hiyo: himaya yenu ni udhalimu juu ya watu wasioipenda, na wanawatii kwa sababu ya nguvu zenu tu. Sheria mbaya isiyobadilika ni bora kuliko nzuri isiyosimama. Huruma, kupenda hotuba tamu na upole, alisema, ni sumu tatu za dola.

Akamjibu Diodotus mwana wa Eucrates. Mtu huyu historia inatuonyesha katika mjadala huu tu. Kabla ya mjadala huo hatumjui, na baada yake hatumsikii tena. Alianza kwa kusema kwamba mashauri mema yana maadui wawili, haraka na hasira. Halafu akafanya jambo ambalo wasomaji wengi wa leo wanamlaumu kwalo: hakuomba huruma. Hakusema Wamytilene hawana hatia. Aliuliza swali moja, lipi lina faida kwa Athene?

Hoja zake zilikwenda hivi. Adhabu ya kifo haijawahi kumzuia mtu mwenye tumaini la kufaulu. Leo mji ulioasi ukiona umeshindwa, unaweza kusalimu amri mapema, ukalipa gharama na kuendelea kutoa kodi. Mkiwaua wote, wanaosalimu amri mapema na wanaochelewa, kila mji utapigana hadi mtu wa mwisho, nanyi mtatumia fedha nyingi kuuzingira ili mje mpate magofu yasiyolipa kitu. Tena makabwela wa kila mji ni marafiki zenu. Wale wa Mytilene waliposhika silaha waliulazimisha mji ujisalimishe. Mkiwaua hao, kila mwenye nacho atakayeasi kesho atakuwa na umma nyuma yake, kwa sababu mtakuwa mmekwisha kuwaonyesha kwamba kwenu mkosaji na asiyekosa ni mamoja.

Mimi simlaumu Diodotus. Alikuwa mbele ya watu waliofiwa, waliokamuliwa fedha, wanaoona aibu kuonekana wanyonge. Angelia machozi, Cleon angemmaliza. Kiswahili chetu kina neno linalomfaa. Kabla siasa haijawa jina la vyama na kura, wazee walilitumia pia kwa maana ya upole na utaratibu. Jambo gumu liliendewa kwa siasa. Diodotus aliwapa watu wenye hasira njia ya kurudi nyuma bila kujiona wameshindwa. Kazi ngumu kuliko zote kwa kiongozi wakati wa vita naiona ni hiyo, na ushujaa wake haujengewi sanamu.

Mikono ikainuliwa. Ilikaribia kulingana, lakini Diodotus akashinda.

Sasa fikirieni umbali. Kutoka Piraeus hadi Mytilene ni zaidi ya kilomita 300 za bahari, na merikebu ya kwanza ilikwisha tangulia. Merikebu ya vita ya Waathene ilikuwa na wavuta makasia 170 katika safu tatu, wamebanana, wa juu, wa kati na wa chini. Kwa desturi ilisogea ufukweni, watu wakala na kulala nchi kavu. Safari hii hapana. Wajumbe wa Mytilene waliokuwa Athene walipakia divai na shayiri, wakaahidi zawadi kubwa wakiwahi. Watu wakala hukohuko kwenye makasia, unga wa shayiri uliokandwa kwa divai na mafuta. Wakalala kwa zamu, wengine wakivuta. Hawakupata upepo wa mbisho. Na wale wa kwanza, anasema Thucydides, walikwenda polepole, kwa kuwa kazi waliyotumwa ilikuwa ya kutisha.

Wengi wa wavuta makasia wa Athene walikuwa raia maskini, watu haohao waliokuwa na haki ya kuinua mkono Pnyx. Kwao kura na kasia vilishikwa kwa mkono uleule. Sioni vinginevyo namna ya kueleza uzito wa merikebu ya kwanza na wepesi wa ya pili.

Paches alikwisha kulisoma azimio na alikuwa karibu kulitekeleza merikebu ya pili ilipotia nanga.

Sitawaficha kwamba watu zaidi ya elfu moja waliohesabiwa kuwa vinara waliuawa hata hivyo, kwa pendekezo la Cleon. Kuta zikabomolewa, mashamba wakagawiwa Waathene. Mji ulipona, lakini ulilia.

Mwaka 416 Waathene walikiteka kisiwa kidogo cha Melos, wakawaua wanaume waliowashika na kuwauza wanawake na watoto. Safari hiyo hapakutumwa merikebu ya pili. Miaka kumi na moja baadaye, 405, jeshi lao la majini liliangamizwa na Lysander wa Sparta huko Aegospotami. Habari ilifika Piraeus usiku, na kilio kikapanda kati ya zile kuta ndefu zilizounganisha bandari na mji, kuelekea mjini, mtu akimpasha mwenzake. Mwanahistoria Xenophon anasimulia kwamba usiku ule hakuna aliyelala. Walijililia wenyewe, wakihofu kutendewa waliyowatendea wengine, naye anawataja: watu wa Melos, wa Histiaea, wa Scione, wa Torone, wa Aegina.

Mytilene haimo katika orodha hiyo.