Oklahoma City na San Antonio: kesho ya nani ndefu zaidi?

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wapenzi wa mpira wa kikapu, Dar es Salaam, mwanzoni mwa Januari 2026)

Habari za jioni, ndugu zangu. Naona jezi za Lakers ni nyingi humu ndani. Watu wa Lakers mnivumilie, leo hamna fungu. Nimeombwa nizungumzie timu mbili zenye vijana wanaotisha kuliko wengine wote katika NBA kwa sasa, Oklahoma City Thunder na San Antonio Spurs, na niseme ipi kati yao ina kesho nzuri zaidi.

Nianze na kijana wa hapa hapa mjini. Juni 2009 Memphis Grizzlies walikuwa na chaguo la pili katika drafti, yaani ule usiku ambao timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Wakamchukua Hasheem Thabeet wetu, mita 2.21. Waliofuata, kwa chaguo la tatu, walikuwa Oklahoma City, nao wakamchukua James Harden. Stephen Curry alikuwa bado amekaa anasubiri, akaja kuitwa wa saba. Habari hii huwa tunaisimulia kwa masikitiko, utadhani Hasheem alitukosea sisi binafsi. Mimi huwa nauliza: alipofika Memphis alimkuta nani? Alimkuta Marc Gasol, senta aliyekwisha kuota mizizi, na kiangazi hicho hicho wakamleta Zach Randolph. Kijana aliyeanza mchezo huu akiwa na miaka kama 15 akawekwa nyuma ya watu wawili wanaoijua kazi, na kabla ya msimu wake wa kwanza kwisha alikwisha kushushwa ligi ya chini. Dakika za kujifunzia hazikuwepo.

Kwa hiyo tukikaa kubishana kesho ya timu changa, tusihesabu vipaji peke yake. Mimi huanza na tarehe za mikataba: nani anaanza kulipwa mwaka gani, na siku hiyo ikifika, nani atalazimika kuondoka. Pointi na ribaundi nazitazama baadaye.

Oklahoma City wanalijua jambo hili kwa machungu. Mwaka 2012 walifika fainali wakiwa na Kevin Durant, Russell Westbrook na Harden, wote watatu hawajafika miaka 24. Miami wakawafunga michezo minne kwa mmoja, na kila mtu akasema hawa watarudi mara nyingi. Oktoba mwaka huo huo wakashindwa kuelewana na Harden kuhusu mkataba mpya, kwa tofauti ya milioni chache tu za dola, wakamuuza Houston. Hasheem mwenyewe alikuwa amejiunga na Oklahoma kiangazi hicho, kwa hiyo mambo yale aliyaona kwa macho yake. Baadaye wale vijana watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walikuja kuwa mchezaji bora wa msimu: Durant 2014, Westbrook 2017, Harden 2018. Kwa pamoja hawakutwaa hata kombe moja. Durant aliondoka Julai 2016 kwenda Golden State.

Aliyemuuza Harden ni Sam Presti, meneja mkuu, na ndiye anayeiongoza Oklahoma hadi leo. Sasa sikilizeni jambo linalonifurahisha katika habari hii. Presti kazi aliianzia San Antonio, akiwa mwanagenzi tu wa ofisini, na ni mmoja wa waliosisitiza Spurs wamchukue kijana Mfaransa, Tony Parker, katika chaguo la 28 mwaka 2001. Kwa hiyo timu tunazozilinganisha zimesoma chuo kimoja. Zote mbili zina subira, zote zinajenga kwa drafti, na zote zilikubali kufungwa kwa miaka kadhaa bila aibu. Tena kufungwa kweli: Desemba 2, 2021 Oklahoma walichapwa na Memphis 152 kwa 79. Pointi 73! Spurs nao walimaliza misimu miwili mfululizo, 2022-23 na 2023-24, wakiwa na ushindi 22 na vipigo 60.

Tuwaangalie Oklahoma walivyo leo. Msimu uliopita walishinda michezo 68 kati ya 82, na kwa wastani waliwazidi wapinzani karibu pointi 13 kila mchezo, wastani ambao haujawahi kufikiwa na timu yoyote ya NBA. Shai Gilgeous-Alexander akawa mfungaji bora, mchezaji bora wa msimu na mchezaji bora wa fainali. Kombe walilipata mchezo wa saba, ule wa kuamua, dhidi ya Indiana, na hapa tuseme haki: Tyrese Haliburton wa Indiana alikatika kano ya kisigino robo ya kwanza ya mchezo ule. Mshabiki wa Indiana akilalamika, mwacheni alalamike.

Shai alipatikanaje? Julai 2019 Clippers wa Los Angeles walimtaka Paul George, nyota wa Oklahoma wakati huo, kwa udi na uvumba. Presti akawapa, na yeye akachukua Shai, Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza (yaani zamu za Clippers katika drafti za miaka ya mbele), na haki ya kubadilishana mengine mawili. Moja ya machaguo hayo ndilo lililomleta Jalen Williams mwaka 2022, na Williams huyo alifunga pointi 40 katika mchezo wa tano wa fainali huku kifundo cha mkono kikiwa kimechanika ligamenti. Chaguo la Clippers la mwaka huu, 2026, nalo ni mali ya Oklahoma, na mmeiona hali mbaya ya Clippers msimu huu; katika drafti timu dhaifu ndizo hutangulia. Bingwa mtetezi anaweza kuingia kwenye drafti akasimama mstari wa mbele pamoja na timu dhaifu. Mimi naona huo karibu ni uonevu, ila sheria imefuatwa.

Lakini kiangazi kilichopita bili imeanza kuandikwa. Chet Holmgren na Jalen Williams walisaini miaka mitano kila mmoja, mikataba inayoanza msimu ujao, 2026-27. Shai akasaini nyongeza ya miaka minne, dola milioni 285, inayoanza 2027-28. Ukipiga hesabu, kuanzia mwaka huo Shai peke yake anachukua asilimia 35 ya kikomo cha mishahara, na wale wawili robo robo. Asilimia 85 imekwenda kwa watu watatu, na timu inahitaji wachezaji 15.

Niwaeleze kidogo kikomo hicho, yaani jumla ya mishahara ambayo kila timu hupangiwa kwa msimu, maana ndipo mchezo wenyewe unapochezewa siku hizi. Msimu huu ni takriban dola milioni 155. Timu inaruhusiwa kukivuka ili ibaki na wachezaji wake. Huko juu, karibu milioni 208, kuna mstari mwingine, na ukiuvuka huo kodi ndiyo adhabu ndogo kabisa. Huruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili uwabadilishe na nyota mmoja. Huruhusiwi kutumia ile nafasi ya usajili wanayopewa wengine. Na chaguo lako la raundi ya kwanza la miaka saba mbele linagandishwa, huliuzi. Boston walitwaa ubingwa 2024. Kiangazi cha 2025 tayari walikuwa wanawaachia Jrue Holiday na Kristaps Porzingis kwa sababu ya mstari huo. Aliyewavunja si mpinzani uwanjani. Mhasibu ndiye aliyewavunja.

Presti hilo ameliona mapema. Mikataba ya Isaiah Hartenstein na Lu Dort ameiandika kwa namna ambayo msimu ujao timu ndiyo inayoamua kama inaendelea au la. Nyuma yao amewapanga vijana wa bei ndogo, kama Cason Wallace, na Ajay Mitchell aliyeokotwa raundi ya pili. Mwanzo wa msimu huu Jalen Williams alikosa michezo 19 na Oklahoma hawakushtuka. Baada ya michezo 25 walikuwa wamepoteza mmoja tu. Timu ya namna hiyo inaweza kumwachia Dort akaenda na maisha yakaendelea. Ya 2012 haikuweza kumwachia Harden.

Halafu Desemba 13, Las Vegas, nusu fainali ya Kombe la NBA, lile shindano dogo la katikati ya msimu. Spurs 111, Oklahoma 109. Wakaja wakakutana tena Desemba 23, Spurs wakashinda. Wakarudiana Krismasi, Spurs wakashinda nyumbani kwa mabingwa.

Na sasa tumtaje mwenyewe. Victor Wembanyama, mita 2.24, ametimiza miaka 22 Januari 4. Amezaliwa Ufaransa, na jina mnalisikia lilivyo: baba yake, Félix, ana asili ya Kongo. Mchezo ule wa Las Vegas alikuwa ametoka kukosa michezo 12 kwa msuli wa ndama ya mguu, akaingizwa akitokea benchi, na kila alipokuwa uwanjani Oklahoma walisita kuingia chini ya kikapu. Watu husifu bloku zake, yaani mashuti anayoyazuia, 3.8 kwa mchezo msimu uliopita. Mimi ningewaomba mhesabu mashuti ambayo hayakupigwa kabisa. Mtu anaingia, anamwona, anageuza, anatoa mpira nje. Hiyo haiandikwi popote kwenye karatasi ya takwimu, na ndiyo inayoifanya San Antonio kuwa na ulinzi wa daraja la juu hata wengine wakikosea.

Pembeni yake wapo Stephon Castle, chipukizi bora wa mwaka wa msimu uliopita, miaka 21; Dylan Harper, chaguo la pili la 2025, miaka 19; na De'Aaron Fox, miaka 28, waliyemtoa Sacramento Februari mwaka jana. Mikataba yao iko hivi. Castle yuko kwenye malipo ya chipukizi hadi 2028, Harper hadi 2029. Wembanyama anaweza kusaini nyongeza kiangazi hiki, ila pesa kubwa inaanza 2027-28. Bili ya San Antonio, kwa maneno mengine, inakuja karibu miaka miwili baada ya ile ya Oklahoma. Miaka hiyo miwili ina thamani kuliko kipaji chochote nilichokitaja leo. Mbali na hapo wana chaguo la Atlanta la 2027, lililotokana na kuuzwa kwa Dejounte Murray mwaka 2022.

Shaka yangu kwa Spurs ni hawa watatu, Fox, Castle na Harper. Wote wanautaka mpira mkononi, wote wanaishi kwa kupenya, na hakuna hata mmoja unayeweza kusema tishio lake kuu ni pointi tatu. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja; hapa wapo watatu, na mmoja amekwisha kupewa dola milioni 229 kwa miaka minne kuanzia msimu ujao. Sasa hivi kila kitu kimetulia, kwa sababu wanashinda na Harper bado mtoto. Lakini ikifika 2029, Harper ana miaka 23 na anataka malipo yake, Castle amekwisha kupewa yake, na Fox ana miaka 31 na bado anakula sehemu nono ya kikomo. Huoni kama ni Oktoba 2012 inarudi, safari hii Texas?

Makocha nitawapita haraka. Mark Daigneault wa Oklahoma ana kombe. Mitch Johnson wa San Antonio amerithi kiti cha Gregg Popovich, aliyeng'atuka Mei 2025 baada ya misimu 29 na makombe matano, na hadi sasa kiti hakijampwaya.

Kuna dada pale nyuma ameniandikia swali: na afya je? Afadhali umeuliza. Februari 2025 Wembanyama alikutwa na damu iliyoganda kwenye bega la kulia, msimu wake ukaishia michezo 46. Holmgren naye alikosa msimu wake wote wa kwanza kwa mguu, kisha Novemba 2024 akavunjika nyonga. Watu warefu na wembamba namna hii ni dhamana ya kutia wasiwasi kwa timu zote mbili. Tofauti ni kwamba Holmgren alipokuwa hayupo, Oklahoma waliendelea kushinda kama kawaida. Mtoe Wembanyama San Antonio kwa msimu mmoja, unabaki na timu ya kawaida yenye vijana wazuri.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Hadi 2028 mimi nipo na Oklahoma, hata kwa vipigo vile vitatu vya Desemba, kwa sababu wana watu wanane au tisa wa kuaminika katika mchezo wa saba na Spurs hii ya sasa bado haijacheza mchezo wa saba wowote. Kuanzia 2028 nahamia San Antonio, kwa masharti mawili: Wembanyama acheze angalau michezo 65 kwa msimu, na Fox awe amekwisha kuuzwa kabla Harper hajaomba mkataba wake. Sharti la kwanza liko mikononi mwa Mungu na madaktari. La pili liko mikononi mwa ofisi ya San Antonio, na wakichelewa hadi kiangazi cha 2028 kulitekeleza, bei yake haitakuwa hii ya leo.