Panya weupe ukumbini: riwaya ya Remarque na waliotaka isisomwe

NEEMA: Karibuni tena, jamani. Leo tuko kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ila safari yetu haianzii kwenye mahandaki. Inaanzia sinema, Berlin, Desemba 1930. Kaka Shabani, hebu wape ile ya panya.

SHABANI: (anacheka) Panya weupe, dada. Watu wamekata tiketi, wamekaa kitako kwenye ukumbi wa Mozartsaal, pale Nollendorfplatz, wanatazama filamu ya vita iliyotengenezwa Marekani. Mara mayowe! Uvundo umejaa, watu wanapiga chafya mfululizo, na chini ya viti panya wanakimbizana. Wafuasi wa Nazi walikuwa wameingia kama watazamaji wengine, na Joseph Goebbels mwenyewe, mkuu wao wa propaganda, yumo ndani anasimamia kazi.

NEEMA: Hiyo ni tarehe 5. Tarehe 11 bodi ya ukaguzi ikaipiga filamu marufuku, eti inaichafulia Ujerumani jina. Na kumbuka Wanazi hawakuwa na serikali bado. Walikuwa wamepata viti 107 bungeni Septemba ile, basi.

SHABANI: Ndipo ninapotaka tukae. Filamu ilitokana na riwaya ya Erich Maria Remarque, Im Westen nichts Neues, yaani "Upande wa magharibi hakuna jipya", iliyotoka kama kitabu Januari 1929. Vita vimekwisha miaka kumi nyuma. Kwa nini mtu abebe panya kwenda kuzuia hadithi ya vita vilivyokwisha?

NEEMA: Kwa sababu anavitaka vingine. Na vijana wa kuvipigana ni wale ambao mwaka 1918 walikuwa bado wananyonya. Hao ukiwaachia Remarque, umewakosa.

SHABANI: Na kitabu kilikuwa kimeshawafikia. Nakala milioni 2.5, kwa lugha 22, katika miezi 18 ya kwanza! Kabla yake, hadithi za vita zilizopendwa kule zilikuwa nyingi za ushujaa. Hata vita vya huku kwetu: Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa huku, alitoa kitabu Heia Safari! mwaka 1920, akiwasimulia vijana wa Kijerumani jinsi walivyopigana Afrika Mashariki.

NEEMA: Na wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi wakimbebea mizigo? Haya, usinijibu, hao nitawadai kipindi chao.

SHABANI: Watapata. Sasa Remarque naye, wapinzani wake walimshika hapa: alikaa mstari wa mbele wiki chache tu. Alifika Juni 1917, tarehe 31 Julai akajeruhiwa na vipande vya mzinga huko Flanders, akapelekwa hospitali Duisburg. Wakasema, huyu anajua nini?

NEEMA: Hoja dhaifu kabisa. Kwani mtu aungue mara ngapi ndipo aruhusiwe kusema moto unaunguza? Halafu hospitalini alilala na majeruhi wengine miezi kadhaa. Ukisoma zile kurasa za wodi unajua zimetoka wapi.

SHABANI: Kwangu mimi moyo wa kitabu hata hauko vitani. Uko kwenye likizo. Paul, yule askari kijana anayesimulia, anarudi nyumbani, mama yake mgonjwa, kijana hana la kumwambia. Halafu wazee wa mjini wanamkalisha, wanampa sigara, wanamfundisha jeshi lipite wapi ili lifike Paris. Yeye katoka huko! Ndiyo maana filamu ya 2022 ya Edward Berger imeniudhi. Likizo yote wameikata.

NEEMA: Umeanza.

SHABANI: Wameikata, dada! Ile ya 1930 ya Lewis Milestone angalau iliiheshimu. Ikamrudisha Paul mpaka darasani kwa mwalimu aliyewahimiza kujiandikisha, akawaambia wale watoto ukweli, nao wakamwona mwoga. Haimo vile kitabuni, lakini inatoka kwenye roho ya kitabu.

NEEMA: Nakubali hasara hiyo. Lakini tazama ile ya 2022 ilichoongeza mwanzoni. Askari anakufa, sare yake inavuliwa, inafuliwa damu, inapita kwa mafundi wa cherehani inashonwa matundu, kisha Paul anakabidhiwa akiwa na furaha tele. Kitabuni kuna buti za Kemmerich, mwenzake Paul anayekufa mapema, zinazorithiwa na kila anayebaki hai. Wao wameifanya sare, tena wametuonyesha kiwanda. Mimi pale nilinyamaza.

SHABANI: Pale ni pazuri. Na mwisho je? Jenerali anawarusha vijana kwenye shambulio dakika za mwisho kabla ya saa 5 asubuhi, Novemba 11, 1918, saa ya kusitisha vita. Kitabuni Paul anakufa Oktoba, siku tulivu mno kiasi kwamba taarifa ya jeshi haina la kusema. Ukimuua kwenye vurumai, umelikosa kombora la mwandishi.

NEEMA: Shambulio lile ni la kubuni, sawa. Ila vifo vya dakika ya mwisho havikubuniwa. Henry Gunther, Mmarekani, aliuawa dakika moja kabla ya saa ile. Isitoshe Berger ameweka jambo ambalo Remarque hakuliweka: Matthias Erzberger, mwanasiasa wa Kijerumani, akitia saini mkataba wa kusitisha vita kule Compiègne, Ufaransa. Mwaka 1921 huyo mtu aliuawa kwa risasi na wazalendo wa mrengo wa kulia waliomwita msaliti. Mjerumani wa leo anajua kilichofuata, hawezi kutengeneza filamu kana kwamba hajui.

SHABANI: Hapo umenibana kidogo. Kidogo tu.

NEEMA: Na kilichofuata kiliingia nyumbani kwa Remarque. Mei 10, 1933 vitabu vyake vikachomwa hadharani Berlin, jina lake likitajwa. Yeye yuko Uswisi. Mwaka 1938 wakamvua uraia. Hawakumpata, lakini dada yake, Elfriede Scholz, alikuwa amebaki.

SHABANI: Fundi wa nguo, Dresden.

NEEMA: Alisema vita, sasa vile vya pili, vimeshashindwa. Akachongewa. Jaji wa Nazi, Roland Freisler, akamwambia mahakamani: kaka yako ametuponyoka, wewe hutatuponyoka. Akakatwa kichwa Desemba 1943, gereza la Plötzensee. Ndugu yake mwingine, Erna, akaletewa hati ya kulipia gharama.

SHABANI: Na kaka mtu alikuja kujua baada ya vita. Riwaya yake ya 1952, inayohusu kambi ya mateso, ameitabarukia Elfriede.

NEEMA: Kwa wanaouliza waanzie wapi: Shabani atawaambia filamu ya 1930.

SHABANI: Nitawaambia kitabu, sura ya 7, ile ya likizo. Kisha ya 1930. Ya kwako iwe ya tatu.

NEEMA: Ya kwangu ina Oscar nne.

SHABANI: Ya kwangu ina panya.