Herufi Zinazofuata Namba: Kusoma Alama za Vito vya Kuchovya

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nianze na chapa moja, 18K GP, kwa sababu hiyo ndiyo inayowaumiza wengi. Mtu anaiona kwenye kishikizo cha mkufu, macho yanaishia kwenye 18K, na papo hapo anahesabu kwamba ameshika mali. Hizo herufi mbili za mwisho anazipita kana kwamba ni jina la kiwanda.

Namba 18 ina ukweli wake. Dhahabu safi ni karati 24, kwa hiyo karati 18 ni robo tatu dhahabu, na robo iliyobaki ni madini mengine. Ndiyo maana mahali pengine utaikuta imeandikwa 750, yaani sehemu 750 katika 1,000. Karati 14 ni 585, karati 9 ni 375. Lakini GP inakwambia kwamba dhahabu hiyo ya karati 18 imepakwa juu tu, na ndani kuna kitu kingine, mara nyingi shaba. Namba inaeleza ubora wa ngozi. Kiasi cha dhahabu haikigusi kabisa.

Tupige hesabu pamoja. Chukueni bangili ya gramu 20 yenye eneo la nje la sentimita za mraba 30. Tuseme imechovywa kwa unene wa nusu maikroni, na maikroni moja ni sehemu ya 1,000 ya milimita. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3. Zidisheni: hata kama tabaka lote lingekuwa karati 24, bangili nzima ina gramu 0.029 za dhahabu. Kuikwangua na kuisafisha kunagharimu kuliko kinachopatikana, na ndiyo sababu mnunuzi wa dhahabu chakavu anairudisha mezani bila hata kuiweka kwenye mizani. Hakuonei.

Sasa bangili ya uzito uleule iwe na chapa 1/20 14K GF. Hapa bamba la dhahabu limebanwa juu ya shaba kwa joto na mgandamizo, na sehemu moja kati ya 20 ya uzito wote ni dhahabu ya karati 14. Hiyo ni gramu moja nzima, na ndani yake dhahabu safi ni kama gramu 0.58. Ni mara 20 ya ile ya kwanza, ingawa karati yake ni ndogo! Kama kuna jambo moja ningependa mlishike leo, ni hili.

GEP ni ya kuchovywa kwa umeme, HGE ni hiyohiyo yenye tabaka nene zaidi. RGP ni ndugu mdogo wa GF: bamba lipo, ila ni jembamba.

Chapa 925 kwenye kito cha rangi ya dhahabu inamaanisha kiini ni fedha. Kwa kanuni za Marekani, fedha iliyopakwa dhahabu ya angalau maikroni 2.5 ina jina lake maalumu, vameili. Hapo thamani ipo, lakini iko kwenye fedha.

Tahadhari kuhusu herufi P ikisimama peke yake, kama 14KP. Wengi huitupa wakidhani ni ya kuchovya, kumbe maana yake ni kwamba karati 14 zimetimia barabara. Nasikitika kila ninaposikia pete ya namna hiyo imeuzwa kwa bei ya shaba.

Chapa pia hughushiwa, kwa hiyo tumieni macho. Kwa lenzi ya kukuzia, kagueni panaposuguana: upande wa ndani wa pete, pete ndogo karibu na kishikizo, kingo za bangili. Tabaka likiisha, rangi nyekundu au ya kijivu huchungulia. Sumaku inasaidia upande mmoja tu. Ikivuta, ndani kuna chuma au nikeli. Isipovuta, bado inaweza kuwa shaba tupu, maana shaba nayo haivutwi.

Kuna aliyeniuliza kabla hatujaanza kuhusu saa ya mfukoni ya babu yake, iliyotengenezwa Marekani, yenye maandishi 14K na dhamana ya miaka 20 ndani ya mfuniko. Dhamana hiyo ilikuwa ya tabaka: mtengenezaji aliahidi halitachubuka kabla ya miaka hiyo kupita. Dhahabu ya ndani hadi nje haina tabaka la kuchubuka, haihitaji ahadi kama hiyo. Basi ganda la saa hiyo ni la bamba. Asilipeleke kuyeyushwa, mashine iliyomo ndani, kama bado inatembea, huenda ikawa na bei kuliko ganda lenyewe, na anayestahili kuulizwa ni fundi wa saa.